Kuku Ameacha Kutaga? Angalia Maji na Chakula Kabla ya Kushika Kisu

Kuku wa nyumbani akikaa wiki mbili bila kutaga, maneno huanza: amezeeka, amepigwa jicho, achinjwe Ijumaa apikiwe biriani. Mara nyingi kuku hana kosa. Kwa nyumba nyingi za Pwani, kuku watano au sita ndio kitoweo cha watoto, na mayai yanayobaki huuzwa dukani. Kumchinja mtetea mzima bila kujua sababu ni hasara, na kuku aliyebaki atapata tatizo lile lile.

Yasiyo ugonjwa

Kuku hahitaji jogoo ili atage. Jogoo ni wa kufanya yai liweze kuanguliwa. Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 hivi, kisha huatamia siku 21, na akiwa analea vifaranga hatagi. Akipukutika manyoya pia husimama kwa wiki kadhaa. Mtetea anayeanza huweza kutoa kiyai kidogo kisicho na kiini, au yai lenye viini viwili. Doa la damu kwenye kiini ni mshipa mdogo uliopasuka, si uchawi.

Gamba jembamba au laini

Yai moja huchukua saa 24 hadi 26 kuumbika, na takriban saa 20 kati ya hizo ni za kujenga gamba. Gamba hilo lataka gramu 2 hivi za kalsiamu. Machicha ya nazi, makoko ya wali na pumba za mahindi hushibisha, lakini kalsiamu yake ni haba. Kuku huichota mifupani mwake, na ikipungua sana hutaga yai laini kama ngozi au huacha kabisa.

Dawa iko ufuoni: magamba ya chaza na kombe. Yaoshwe chumvi itoke, yakaushwe, yatwangwe yawe chenga, si unga. Yawekwe kwenye chombo chake, hasa jioni, kwa kuwa gamba hujengwa zaidi usiku. Maganda ya mayai yanafaa pia, ila yakaangwe na kupondwa kwanza, kuku asije akajifunza kula mayai yake. Vichwa vya dagaa humwongezea protini.

Sababu ya pili wengi hawaifikirii: maji ya kisima. Visima vingi vya Mombasa na Lamu vina chumvi, na chumvi kwenye maji ya kunywa hudhoofisha gamba hata chakula kikiwa kizuri. Mpe kuku maji matamu, yale yale unayokunywa wewe.

Ya tatu ni joto la kaskazi. Kuku hatoki jasho. Hupoa kwa kuhema mdomo wazi. Kuhema huko hupunguza mwilini hewa ya kaboni inayohitajika kutengeneza gamba. Kivuli na maji baridi mchana husaidia.

Kuku wote wakiacha kwa pamoja

Wakiacha ghafla, mayai yakapinda, kinyesi kikawa kijani na shingo zikapinda, shuku kideri. Hakina tiba, kina chanjo. Ya matone ya jicho hurudiwa kila miezi 3 hivi kwa kuku wa kienyeji.

Yai kukwama

Hili ni la dharura. Kuku husimama wima kama bata, mkia chini, anajikamua bila kutoa kitu, hali chakula. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, yafike tumboni, kwa dakika 15 hadi 20. Mkaushe, mpake mafuta ya nazi kwenye tundu la kutagia, umweke peke yake mahali penye giza na utulivu. Usimminye tumbo wala usilivunje yai ndani: vipande humkata na kumtia usaha. Yai lisipotoka siku hiyo, mwite daktari wa mifugo.

Kizazi kikitoka nje, mtenge mara moja, kwani wenzake humdonoa hadi afe. Osha kwa maji safi, paka asali au sukari uvimbe upungue, kisha urudishe taratibu kwa kidole safi chenye mafuta.

Dawa na kisu

Ukimpa kuku antibayotiki, hesabu siku zilizoandikwa kwenye pakiti kabla ya kula au kuuza mayai yake. Kumuuzia jirani yai lenye dawa bila kumwambia ni kumghushi, hata kama bei ni ndogo.

Na ikiwa kuku haponi na anateseka, achinjwe angali hai. Akifa mwenyewe ni nyamafu, hana halali tena. Lakini kuku mwenye dalili za kideri asiliwe wala asipelekwe sokoni: azikwe shimo refu, banda lisafishwe, na majirani waambiwe siku hiyo hiyo ili nao wawahi.