Mmiliki manufaa
mmiliki manufaa *nm wa-* [a-/wa-] (sheria) Mtu binafsi ambaye hatimaye ndiye anayeimiliki au kuidhibiti kampuni, hata kama jina lake halimo katika daftari la wanahisa.

Mfano: *Kabla ya kukubali kutoa ardhi, wanakijiji wa delta ya Rufiji, wilayani Kibiti, walitaka kujua mmiliki manufaa wa kampuni hiyo ni nani.*

Matumizi: Dhana hii iliingizwa katika Sheria ya Kampuni ya Tanzania kupitia Sheria ya Fedha ya 2020, taarifa huwasilishwa BRELA. Isichanganywe na *mwanahisa*, ambaye aweza kuwa kampuni nyingine.

Tahadhari kwa mfasiri: Nchini Marekani, mfungwa anapoishtaki kampuni ya tiba gerezani katika mahakama ya shirikisho kwa kukiuka haki zake, Kanuni ya 7.1 huitaka kampuni hiyo itaje kampuni mama yake, pamoja na kampuni yoyote ya soko la hisa inayomiliki asilimia 10 au zaidi ya hisa zake, ili jaji mwenye maslahi humo ajitoe. Zinazotajwa hapo ni kampuni, si watu. Kwa hiyo hati hiyo iitwe *tamko la umiliki wa kampuni*. Kuiita *tamko la mmiliki manufaa* ni kumwahidi mfungwa jina ambalo hati haina.

Taz. pia: *kampuni mama, mwanahisa, mgongano wa maslahi*