Wadene wa Churchill na Duka la Ngozi

Wachipewyan, Waathapaska wa kaskazini mwa Kanada wanaoitwa pia Wadene, waliishi kwa kumfuata karibuu, kulungu wa kaskazini. Majira ya joto walikuwa naye kwenye nyika isiyo na miti. Baridi ilipoanza, waliingia naye msituni. Msafiri Samuel Hearne, aliyefika nao mlango wa mto Coppermine mwaka 1771 akiongozwa na Mchipewyan Matonabbee, alikadiria kuwa mtu mmoja alitumia zaidi ya ngozi 20 za mnyama huyo kwa mwaka, kwa mavazi na mahitaji mengine ya nyumbani.

Kabla ya hapo, njia ya biashara na Wazungu ilifunguliwa na mwanamke Mchipewyan. Thanadelthur alikuwa ametoroka utumwa kwa Wakrii, akafika York Factory, kituo cha kampuni ya Hudson's Bay, kisha akawapatanisha Wakrii na watu wake. Alifariki mwanzoni mwa 1717. Mwaka huohuo kampuni ikajenga kituo Churchill ili kufanya biashara na Wachipewyan.

Lakini kampuni ilitaka zaidi ngozi ya biva, na biva hakai nyikani. Aliyetaka bunduki, baruti na sufuria ilimbidi amwache karibuu na kuingia msituni kutega. Hearne, ingawa alikuwa mtumishi wa kampuni hiyohiyo, aliandika waziwazi kwamba waliobaki na karibuu waliishi vizuri kuliko waliokimbilia biashara. Naona huo ni ushahidi mzito. Kisha ndui ya 1781 na 1782 ikawafyeka Wachipewyan wengi.

Fort Chipewyan, kituo kingine cha biashara, ikajengwa 1788, mbali magharibi, na familia nyingi zikahamia misitu ya huko. Baadaye mbwa wa kuvuta sleji wakaongezeka, nao walilishwa samaki. Nyavu zikawa nyingi, na kambi zikakaa muda mrefu kando ya maziwa.

Wasayisi, Wadene wa mashariki, ndio walioshikamana na karibuu kuliko wengine. Hata hivyo nao walikuja kutegemea kituo cha Duck Lake. Mwaka 1956 kampuni ilikifunga, na serikali, ikiwalaumu kwa kuua karibuu kupita kiasi, ikawapakia kwenye ndege hadi Churchill. Hawakupewa makazi ya kufaa wala kazi. Zaidi ya 100 walifariki katika miaka iliyofuata, kwa baridi, moto, ulevi na ukatili. Mwaka 1973 waliosalia walianza kurudi bara, wakajenga kijiji cha Tadoule Lake. Serikali ya Kanada iliwaomba radhi mwaka 2016.