Mkaa, Sukari na Vita

Chuoni, kabla karo haijanishinda, maabara yetu ilikuwa na chupa ya unga mweusi wa mkaa. Lebo ilisema umetoka ng'ambo. Nje ya geti, mama mmoja aliuza mkaa kwa mikebe. Sikuwahi kuunganisha hizo mbili.

Mwaka 1785, mjini St Petersburg, mfamasia Tobias Lowitz alikuwa anahangaika na asidi ya tartariki iliyokataa kutoka safi. Unga wa mkaa ukaiondolea rangi ya kahawia. Akaujaribu kwa maji yanayonuka, harufu ikaisha.

Wengi hudhani mkaa hunywa uchafu kama sponji. La, uchafu hunata. Ndani ya mkaa kuna vitundu vidogo mno, na ukiupitisha kwenye mvuke wa joto kali vinazidi, hadi gramu moja tu inakuwa na uso wa zaidi ya mita 500 za mraba. Uwanja wa basketiboli haufiki hapo. Rangi za nguo, fenoli, dawa za kuua wadudu: zikipita humo zinanasa kwenye kuta.

Waliochangamkia jambo hili mapema ni wenye viwanda vya sukari Ulaya. Mwanzoni mwa karne ya 19 wakahamia mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kwa hivyo sukari iliyolimwa na watumwa kule Karibi iling'arishwa kwa mabaki ya kichinjio, ikafika mezani nyeupe pe.

Kisha vita. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres, Ubelgiji, Wajerumani waliachilia gesi ya klorini. Mkaa ukaingia kwenye barakoa za wanajeshi. Kufikia 1918 Wamarekani walikuwa wanaombwa kukusanya kokwa za pichi na maganda ya njugu, na mkaa wa vifuu vya nazi ukasifiwa kuliko yote, maana ni mgumu na vitundu vyake ni vidogo na vingi. Vifuu, wasee! Vile Pwani tunachongea upawa.

Ukiangalia vizuri, taka ilipata heshima pale tajiri au jenerali alipoihitaji. Mto Nairobi hauna jenerali. Watafiti wamejaribu maganda ya kahawa, makapi ya miwa na mabua ya mahindi, na rangi kwenye maji machafu hupungua kweli. Lakini mengi yanaishia maabara.

Sisemi ni mteremko. Mkaa wa jiko uliosagwa tu haufiki mbali, kwa sababu haujafunguliwa vitundu. Tanuri inataka moto, na moto ni pesa. Halafu vitundu hujaa. Hapo lazima uuchome upya au uutupe pamoja na sumu iliyonasa ndani, na ukiutupa ukingoni mwa mto, mvua moja tu inaurudisha majini.

Yule mama bado yuko pale getini. Unga uliobaki chini ya gunia, ule hakuna anayeununua, yeye huufinyanga na udongo akauza makaa ya duara.