Vipanga wa Mlimani na Kazi Walizokabidhiwa

Mwenge, pale Barabara ya Sam Nujoma inapokutana na ya Bagamoyo, steshenari hazikosi wateja. Msimu wa kuomba ufadhili ukifika, foleni hutoka hadi barazani. Kijana ameshika bahasha ya kaki. Ndani mna cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, na transkripti ya chuo ambayo hataki ikunjwe. “Kaka, nitolee seti tatu, hiyo transkripti iwe ya rangi.” Akitoka hapo anamtafuta wakili wa kumgongea muhuri, kisha anapanda daladala kurudi Chuo.

Kwenye transkripti hiyo kuna namba moja inayotazamwa kabla ya nyingine zote. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinatoa daraja la kwanza kwa mwenye GPA ya 4.4 hadi 5.0, na daraja la pili la juu kuanzia 3.5. Kati ya hapo kuna mstari mwingine ambao kila kipanga anaujua kwa moyo, nao ni 3.8. Ukiufikia, unaweza kuomba kubakizwa chuoni kama mkufunzi msaidizi; ukipata 3.7, hata mwalimu aliyekupenda vipi hana la kufanya. Fursa nyingi za mwanafunzi bora siku hizi zinapita katika tundu hilo la namba.

Haikuwa hivyo siku zote. Ukifuatilia walichofanya vipanga wa chuo hiki cha Mlimani katika miaka kumi ya mwanzo, hukutani na fomu nyingi. Unakutana na kazi, tena nzito, walizokabidhiwa kabla hawajavaa joho.

Chuo kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi ambao hawakufika 20. Mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning, aliyekuja kuwa jaji na waziri wa sheria. Shahada zilikuwa za Chuo Kikuu cha London, na huko ndiko ulikotoka utaratibu wa madaraja ya heshima tunaoutumia hadi leo. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka uliofuata kikahamia kilimani, na Julai 1970 kikasimama chenyewe.

Kazi ninayoiona kubwa kuliko zote ilianzia Idara ya Historia. Profesa wake wa kwanza, Terence Ranger, pamoja na wenzake kama Isaria Kimambo na John Iliffe, walikuwa wanapambana na tatizo moja la msingi. Historia ya Tanganyika ilikuwa kwenye mafaili ya Wajerumani na Waingereza, na ndani ya mafaili hayo Mwafrika anaonekana pale tu anapoleta usumbufu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 vilikuwa mfano mbaya kabisa. Taarifa za maofisa zilikuwepo, sauti ya waliopigana haikuwepo. Na waliopigana walikuwa wanakufa.

Basi mwaka 1968 wanafunzi wa shahada ya kwanza wakapelekwa vijijini, kwenye maeneo yaliyopigana kusini. Walikaa na wazee, wakauliza dawa ile ya maji iligawiwaje, nani aliileta kijijini, nani aliikataa, njaa iliyofuata vita ilikuwaje. Mzee aliyekuwa kijana wa miaka 15 wakati wa vita alikuwa anakaribia 80. Mahojiano yale, pamoja na ripoti za wanafunzi, yalikusanywa na idara chini ya jina la Mradi wa Utafiti wa Maji Maji. Mwaka huohuo Gilbert Gwassa na Iliffe walitoa kitabu cha kumbukumbu za vita hivyo. Mtafiti yeyote wa Maji Maji leo, awe wa Dar es Salaam au wa Berlin, bado anapita kwenye karatasi za vijana wale.

Tazama walichopewa. Hakuna aliyewaambia wasubiri shahada ya uzamili. Walikabidhiwa jambo ambalo likikosewa halirudiwi, kwa sababu shahidi anakwenda kuzikwa. Na katika miaka hiyohiyo, kwenye fani changa ya sanaa za maonyesho, mwanafunzi Ebrahim Hussein akaandika tamthilia ya Kinjeketile kuhusu vita hivyohivyo. Kizazi cha watahiniwa wa kidato cha nne na cha sita kimeisoma kazi ya mtu aliyekuwa bado anakula kwenye bwalo la chuo.

Safari nyingine ilikwenda mbali zaidi. Mwaka huohuo wa 1968, kundi dogo la wanafunzi lilivuka Mto Ruvuma na kuingia maeneo ya kaskazini mwa Msumbiji yaliyokuwa mikononi mwa chama cha ukombozi cha FRELIMO. Makao ya chama hicho yalikuwa Dar es Salaam, na kiongozi wake, Eduardo Mondlane, alikuwa hai bado. Kiongozi wa msafara alikuwa mwanafunzi wa siasa na uchumi kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Aliyoyaona aliyageuza kuwa tasnifu yake, akipima nadharia ya Frantz Fanon kuhusu matumizi ya nguvu dhidi ya hali halisi ya Msumbiji, nayo ikachapishwa mwaka 1971. Msomaji ana haki ya kuwaza atakavyo juu ya nguvu na Museveni. Kama mafunzo kwa vitendo, hata hivyo, sijui chuo gani kingine kilimpeleka mwanafunzi wake umbali huo.

Sifa ilienea. John Garang wa Sudan Kusini, akiwa amemaliza shahada yake Grinnell huko Marekani mwaka 1969, alikuja Dar es Salaam kwa ufadhili wa Watson badala ya kwenda moja kwa moja kwenye shahada ya uzamili aliyokuwa ameandaliwa Berkeley. Vijana wa leo, wanaoona fursa ni lazima iwe na tiketi ya ndege ya kwenda ng’ambo, wanaweza kushangaa kwamba msafara uliwahi kuelekea huku.

Jumapili asubuhi, wenzao wakiwa kanisani au kitandani, wanafunzi wa USARF, kikundi cha wanamapinduzi wa Afrika pale chuoni, walikuwa na darasa la itikadi. Halikuwa na alama wala mtihani. Novemba 1969 wakaanzisha jarida, Cheche, lililochapwa kwenye stensili na kudurufiwa kwa mkono. Wahariri walikuwa Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Hamdani, ambaye baadaye tulimjua kama Zakia Meghji, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri wa Fedha nchini. Septemba 1970 toleo maalumu la Cheche lilibeba uchambuzi wa Issa Shivji juu ya mapambano ya kitabaka ya kimyakimya nchini. Ndio kwanza alikuwa amemaliza sheria.

Jambo moja dogo linaonesha hewa ya wakati ule. Walter Rodney, mhadhiri wa historia kutoka Guyana, alipomaliza mswada wa kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyodumaza Afrika, aliwapa Hirji na Mapolu wausome na kuukosoa. Kitabu kilipotoka mwaka 1972, London na Dar es Salaam kwa pamoja, majina yao yalikuwa kwenye dibaji. Hirji alikuwa mtu wa hesabu, si wa historia wala siasa. Mwalimu wa leo angempa mwanafunzi wa hesabu mswada wake? Angeanza kumuuliza yuko kitivo gani.

Mlango haukuachwa wazi muda mrefu. Novemba 1970 serikali ilipiga marufuku Cheche pamoja na USARF yenyewe. Nchi iliyokuwa imewafundisha vijana kuhoji iliona wamehoji vya kutosha.

Tusiupake sukari wakati ule. Wanafunzi walikuwa wachache, wanawake wachache zaidi, na serikali ndiyo iliyowalisha na kuwasomesha. Oktoba 1966 walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere aliwarudisha nyumbani karibu 400, akapunguza na mishahara ya wakubwa, ukiwemo wake. Na Azimio la Musoma la 1974 liliweka kipimo kingine kabisa cha ubora. Mtu alitakiwa afanye kazi kwanza baada ya kidato cha sita na jeshi, kisha apate mapendekezo ya tawi la chama ndipo aingie chuoni. Ukipanga wa darasani peke yake haukutosha.

Kuanzia miaka ya 1990 hoja ikawa pesa. Uchangiaji wa gharama ulikuja, kisha Bodi ya Mikopo iliyoanza kazi 2005, na neno “boom”, yaani fedha ya kujikimu, likaingia kwenye msamiati wa kila chumba cha kupanga kuanzia Mwenge hadi Changanyikeni. Fursa kwa wanafunzi bora zikachukua sura ya ufadhili: Carnegie kwa wasichana, mfuko wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ulio chini ya Benki Kuu, na tangu mwaka wa masomo 2022/23 Samia Scholarship kwa waliofaulu vizuri sayansi. Mtoto wa mkulima anasoma uhandisi bila kuuza shamba la baba yake; hilo si dogo hata kidogo. Ila mfadhili anakulipia ada. Hakupi kazi.

Kwa upande wa matukio, zuri kuliko yote lilizaliwa na Kigoda cha taaluma cha Mwalimu Nyerere, kilichoanzishwa 2008, Shivji akiwa mshika kigoda wa kwanza. Aprili 2009 mwandishi Wole Soyinka alihutubia Ukumbi wa Nkrumah, ule uliochapwa kwenye noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Ulinzi wa mlangoni haukuuliza GPA. Aliyemfuata Shivji kwenye kigoda alikuwa Penina Mlama, naye mtoto wa ile idara ya maonyesho. Wiki ya utafiti na ubunifu nayo huwapa wanafunzi meza ya kuonesha walichokiunda, na aliye na wazo la biashara hateseki na nauli: Tume ya Sayansi na Teknolojia, Costech, na kituo chake cha Buni vipo pale Sayansi, jirani na Mwenge.

Idara yoyote inayotaka kuwarudishia vipanga wake kazi ya mfano wa 1968 haihitaji mfadhili. Wakati ule miaka 61 ilikuwa imepita tangu Maji Maji vimalizike. Operesheni Vijiji, iliyohamisha mamilioni ya watu katikati ya miaka ya 1970, sasa ina miaka 50, na aliyepigana vita vya Kagera akiwa na miaka 20 anakaribia 70. Wapo wanaoishi na watoto wao jijini. Mwenge penyewe, kwenye soko la vinyago, wapo Wamakonde wazee wanaokumbuka vita vya Msumbiji kutoka ng’ambo ile ya Ruvuma, na kutoka Yombo, kwenye kumbi za mihadhara za Chuo, hadi pale daladala ni moja.