Hip hop na hevi metali zilikutanishwa na ngoma

Historia ya hip hop na hevi metali kuchanganyika huanza kusimuliwa New York mwaka 1986, kundi la rapu la Run-DMC lilipourudia wimbo "Walk This Way" wa kundi la Aerosmith, Steven Tyler na Joe Perry wenyewe wakiwemo studio, na Rick Rubin akiwa mmoja wa watayarishaji. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini yamelipa gitaa sifa inayostahili ngoma. Miaka mingi kabla ya hapo, ma-DJ wa Bronx walikuwa wakipekua santuri za funk na za roki wakisaka sekunde chache tu, zile ambazo waimbaji na magitaa hunyamaza na mpiga ngoma akabaki peke yake. Kipande hicho walikirudiarudia kwa santuri mbili mpaka kikatosha kuchania mistari. Mwanzo wa "Walk This Way", wimbo wa mwaka 1975, ulipendwa kwa sababu hiyo hiyo. Tayari mwaka 1984, katika "Rock Box", Run-DMC walikuwa wamemwita Eddie Martinez apige gitaa zito juu ya mdundo wao. Basi kama mahali pa kukutania palikuwa ngoma, tunayo haki ya kuuliza nani mwingine alikuwa ameipiga ngoma kwa uzito huo, na jibu mojawapo liko jirani kabisa na nyanda za juu za Kigoma.

Kambi ya wakimbizi ya Nduta, wilayani Kibondo mkoani Kigoma, Tanzania, ilifunguliwa upya Oktoba 2015 kupokea Warundi waliokimbia machafuko ya mwaka ule. Wametoka katika nchi ambayo ngoma zake za kifalme ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2014. Upigaji wake una mpangilio mkali: inkiranya hukaa katikati na kuongoza, amashakwe hushika mdundo usiokatika, nazo ibishikiso huifuata inkiranya inakokwenda. Mwaka 1967 ngoma hizo zilirekodiwa na watafiti wa Ufaransa, na rekodi ikatolewa na lebo ya Ocora. Mwaka 1971 Mike Steiphenson, huko huko Ufaransa, aliichukua rekodi hiyo, akaitandikia gitaa na kinanda juu yake, akaiita "Burundi Black". Ikaingia chati za Uingereza. Mwaka 1975 Joni Mitchell alikata kipande cha ngoma hizo hizo, akakirudia mfululizo na kujenga juu yake "The Jungle Line". Kufikia mwaka 1980 Adam and the Ants walikuwa wakipiga roki kwa ngoma mbili za kizungu zilizofuata mwendo wa Burundi.

Mpenzi wa metali atapinga hapa, na ana hoja: "Burundi Black" si metali wala si hip hop, na hakuna ushahidi kwamba Run-DMC waliisikiliza. Nakubali. Sidai kwamba mti wote umeota kutoka Burundi. Ninachodai ni kwamba mbinu iliyokuja kuzaa muziki huu, yaani kuchukua ngoma iliyorekodiwa na mtu mwingine, kuizungusha, kisha kuibebesha kelele za umeme, ilitumika kwa ngoma za Warundi kabla haijapata umaarufu kwa santuri za Wamarekani. Kundi la rapu la Public Enemy walipokata kipande cha kundi la metali la Slayer mwaka 1988, na walipoungana na Anthrax, nao wa metali, kuimba upya "Bring the Noise" mwaka 1991, walikuwa wakiifanya kazi ya namna ile ile, kwa ujasiri mkubwa zaidi na kwa maneno yenye makali.

Afrika Mashariki inarudi tena mwaka 1992, kwa albamu ya kwanza ya Rage Against the Machine. Mpiga gitaa wake, Tom Morello, ni mtoto wa Ngethe Njoroge, mwanadiplomasia aliyeiwakilisha Kenya katika Umoja wa Mataifa. Shangazi wa Morello, Jemimah Gecaga, alikuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Mwimbaji wa kundi, Zack de la Rocha, alichana, naye Morello akalifanya gitaa likwaruze kama santuri chini ya mkono wa DJ, kwa kusugua nyuzi na kuchezea swichi ya kukata sauti. Kundi likaona ni lazima liandike kwenye jalada kwamba hawakutumia vipande vya kukata wala vinanda vya elektroniki. Ni kweli Morello alilelewa na mama yake Mmarekani katika jimbo la Illinois, na kumpachika ngoma za Kenya kungekuwa kumsingizia. Lakini mchango wake ndio unaoithibitisha hoja yangu kuliko mwingine wowote: gitaa lilipotaka kuishi na rapu, ilibidi liache kuimba, likubali kuwa chombo cha mdundo.

Wengine watasema muziki huu hauwezi kuwa wetu kwa sababu unadai amplifaya, studio na fedha. Lakini kundi la Duma la Nairobi, yaani Martin Khanja na Sam Karugu, lilitoa albamu yake mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Ngoma zake zinatoka kwenye mashine, na ukali wake hauhitaji bendi ya watu watano. Kigoma nayo ilikwisha kuonyesha mwaka 2012, kwa "Leka Dutigite" ya Kigoma All Stars, kwamba Kiha, lugha ya huko, kinapenya katika muziki wa kisasa, na Mrundi wa Nduta hahitaji mkalimani ili akielewe.

Linalonisumbua ni jina lililoandikwa kwenye "Burundi Black": lilikuwa la Steiphenson, na wapigaji hawakutajwa. Kosa hilo lisirudiwe: wakimbizi wa Kirundi nchini Tanzania hawatoki kambini bila kibali, na tangu 2017 maelfu wamekuwa wakirejea Burundi. Mtayarishaji wa Kasulu au Dar es Salaam anayetaka mdundo huo inambidi aufuate uliko, mapema, akiwa na mkataba unaowataja wapigaji kama watunzi na kuonyesha mgawo wao kabla kinasa sauti hakijawashwa.