Umbo la mkono katika upigaji wa piano

Fidla hutengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, hata mtoto akapata inayomfaa. Piano ina kipimo kimoja kwa wote: oktava, yaani vibonye saba vyeupe, huchukua takriban sentimita 16.5. Ndiyo maana tofauti za mikono huonekana mapema kwa wanaojifunza ala hii.

Kinachotajwa kwanza ni shibiri. Mwenye shibiri fupi akilazimika kufikia oktava hukaza kiganja na kifundo, na mkono uliokazwa hauendi mbio. Lakini upana si kila kitu. Kunyumbuka kwa nafasi zilizo kati ya vidole kuna uzito uleule. Tazama mfano huu: mtunzi Sergei Rachmaninoff wa Urusi, aliyekuwa na mikono mikubwa mno, alimtunukia mpiga piano Josef Hofmann konseto yake ya tatu ya piano ya mwaka 1909. Hofmann, ambaye kampuni ya Steinway ilimtengenezea piano za vibonye vyembamba, hakuipiga hadharani kamwe, ingawa si lazima sababu iwe mikono yake midogo. Lakini mpiga piano Alicia de Larrocha wa Hispania, mwanamke mfupi mwenye mikono midogo pia, aliirekodi. Vidole vinene navyo vina taabu yake: hubanwa katikati ya vibonye vyeusi.

Urefu wa vidole haulingani hata katika mkono mmoja. Mtunzi Frédéric Chopin aliwaanzisha wanafunzi kwa skeli ya B meja, ambamo vidole virefu hukaa juu ya vibonye vyeusi, na gumba na kidole cha mwisho, vilivyo vifupi, hubaki kwenye vyeupe. Hakuona haja ya kuvilazimisha vidole vyote viwe na nguvu sawa, na hapo alikuwa na hoja. Kano za kidole cha pete zimeungana na za jirani zake nyuma ya kiganja, hivyo hakiinuki peke yake kwa urahisi, na mazoezi hayaondoi muungano huo. Mtunzi Robert Schumann, kwa upande wake, alijaribu kifaa cha kuimarisha vidole. Mkono wake wa kulia uliharibika mwanzoni mwa miaka ya 1830, japo wanahistoria wangali wanabishana kuhusu chanzo.

Siku hizi baadhi ya mafundi hutengeneza safu za vibonye zenye oktava ya takriban sentimita 15.2 au 14. Zinawafaa wengi, hasa wanawake, ambao kwa wastani wana shibiri fupi kuliko wanaume. Tatizo ni kwamba kwa kawaida mpiga piano hasafiri na ala yake: ukumbini hukuta piano ya kawaida.