Mtoto wa Kindu: Walikotoka Wanamuziki wa Makassy na Matimila

Mama yake alikuwa ameshazika watoto kabla yake, na mganga akamwonya: mimba hii usiende kuizalia hospitali, izalie msituni, na mtoto akija nywele zake zisiguswe na wembe. Ndivyo mwanamuziki Remmy Ongala mwenyewe alivyokuwa akisimulia kuzaliwa kwake huko Kindu, Maniema, mashariki mwa Kongo, mwaka 1947, akiongeza kwamba alitoka tumboni na meno mawili ya mbele tayari kinywani. Alipewa jina la Ramazani Mtoro Ongala. Baadaye mashabiki wa Dar es Salaam walipoziona zile nywele ndefu, wengi walidhani ameiga Jamaica. Kumbe zilikuwa sharti la mganga wa Maniema, na jina la Dokta, alilokuja kuitwa, nalo lilianzia hapohapo.

Nayaandika haya nikiwafikiria vijana wetu wa Salamabila, hukuhuku Maniema, wanaoshuka jioni kutoka kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Namoya na simu zikiimba mfukoni. Wapo wanaomsikiliza Remmy kila siku wakidhani ni Mtanzania wa kuzaliwa. Ni mtoto wa mkoa wetu, na alipoondoka hakuondoka mikono mitupu.

Shule yake ya kwanza ilikuwa nyumbani, kwa baba yake aliyekuwa mwanamuziki wa jadi. Wazazi wote wawili walimtangulia yeye akiwa bado mdogo, na muziki ndio uliomlea: akapiga ngoma, akapiga drams, akashika gitaa. Alizunguka na bendi za mashariki mwa Kongo na za Uganda kwa miaka mingi kabla jina lake halijajulikana.

Kijana wa mashariki aliyeshika gitaa zama hizo alikuwa na mwalimu hata kama hakuwahi kuonana naye. Mwaka 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alifika Jadotville, ambayo leo ni Likasi, akamrekodi Jean-Bosco Mwenda, kijana mzaliwa wa Bunkeya. Sikiliza wimbo wake "Masanga" ukiwa peke yako, usiku, kelele zikiwa zimetulia. Kidole gumba kinashuka kwenye nyuzi nene kama mtu anayetembea bila haraka, na cha shahada kinachezacheza juu yake, mpaka unajiuliza kama kweli gitaa ni moja. Hapo hakuna umeme wala bendi, ni gitaa kavu na mtu mmoja. Mwenda, Edouard Masengo na Losta Abelo waliimba mambo ya mtaani kwa Kiswahili cha Katanga, na nyimbo zao zikafika hadi Nairobi. Wamarekani weusi wana bluzi yao: mtu anaeleza shida yake, gitaa linamjibu. Sisi tulikuwa na yetu, na sioni sababu ya kuiona ndogo.

Shule nyingine ya gitaa ilikuwa Kinshasa. Huko gitaa lilikwisha kuingia umeme, likagawanywa solo, ridhimu na besi, na wimbo ukikaribia mwisho waimbaji wananyamaza ili sebene, sehemu ya magitaa, ichukue uwanja. Mose Se Sengo, maarufu kwa jina la Fan Fan, alipikwa kwenye bendi ya OK Jazz ya Franco kabla ya kuelekea Afrika Mashariki. Yeye na Remmy, mmoja wa mji mkuu na mwingine wa Kindu, walipitia bendi moja: Orchestra Makassy.

Mzee Makassy aliianzisha Kampala. Hali ya Uganda ya Idi Amin ilipozidi kuwa ngumu, bendi ikahamia Dar es Salaam, na mwaka 1978 Remmy akaitwa na Mzee Makassy, aliyekuwa mjomba wake, kujiunga nayo. Hawakuwa Wakongo wa kwanza kufika. Baba Gaston, mzaliwa wa Likasi, alitangulia na bendi yake ya Baba National mwaka 1971, na bendi ya Maquis du Zaire nayo ilitoka Katanga.

Mjini Dar es Salaam, mtu wa Kinshasa alilazimika kujifunza lugha ya wasikilizaji wake. Mtoto wa Maniema alifika nayo mdomoni. Kiswahili kilitufikia karne ya 19 kwa njia ya misafara, njia ya pembe za ndovu na ya watu waliofungwa minyororo, Kasongo ikiwa makao ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Njia ile ilitutoa machozi, na lugha ikabaki kwetu. Miaka mia moja baadaye, Remmy akairudisha pwani ikiwa ndani ya gitaa. Hii ndiyo sababu naamini hakuna mpiga solo wa Kinshasa, hata awe fundi namna gani, ambaye angeweza kuwaingia makabwela wa Dar kama alivyowaingia yeye. Alizungumza nao kuhusu njaa, kuhusu mjane, kuhusu kifo, na katikati ya wimbo aliacha kuimba akahutubia.

Makassy walihamia Nairobi, na sahani yao "Agwaya" ikatolewa na Virgin mwaka 1982. Remmy alibaki Dar, akaingia Matimila, bendi yenye jina la kijiji cha kusini mwa Tanzania. Mtindo wao waliuita Bongo Beat: magitaa matatu yanayosukana kwa namna ya Kongo, chini yake ngoma zinazokumbusha ngoma za Watanzania wenyewe. Kama ilivyokuwa kwa bendi nyingi za wakati huo, vyombo vilikuwa mali ya tajiri. Mwaka 1988 walialikwa Ulaya na tamasha la WOMAD, "Nalilia Mwana" ikatoka mwaka huohuo, na mwaka uliofuata wakarekodi "Songs for the Poor Man" kwa Real World ya Peter Gabriel.

Umaarufu wa nje haukumfunga mdomo nyumbani. Ukimwi ulipokuwa unazika watu na wengi wakiuita kwa mafumbo, aliimba "Mambo kwa Soksi" kuhusu kondomu. Redio Tanzania ilikataa kuupiga, watu wakauimba vilevile.

Miaka ya mwisho aliokoka, zile nywele za sharti la mganga akazikata, akaimba nyimbo za Injili. Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Mtaa alioishi upo Sinza, na konda wa daladala akikaribia hapo hupiga kelele abiria wajiandae kushuka: kwa Remmy, kwa Remmy.